Nimekata kebo ya TV, nimebaki na intaneti tu: uzoefu wangu na kifurushi cha bei ya chini

Haya jamani, kebo nimeikata na king'amuzi chao nimewarudishia. Chaneli kibao nalipia kila mwezi alafu nyumbani tunaangalia nne tano, zingine hata sijui zinaonyesha nini. Ila kukata sio kazi, kazi ni kuchagua intaneti, maana hapo ndo wanapotaka kukurudishia ile gharama kwa mlango wa nyuma.

Nilipowaambia natoa TV nabaki na intaneti, dada wa huduma kwa wateja akanambia basi punguzo linaondoka kwa sababu lilikuwa la kuchukua vyote viwili. Kweli linaondoka, hajadanganya. Lakini usikubali wala kukataa hapo hapo kwenye simu, chukua karatasi ujumlishe ya mwaka mzima, ada ya kufungiwa, rauta ni ya kwako au unakodi, bei ya promosheni na ile itakayokuja promosheni ikiisha. Mi nilivyojumlisha hivyo, kifurushi kilichokuwa cha bei rahisi kuliko vyote kwenye tangazo kikageuka kuwa ghali, rauta unakodi milele na baada ya miezi ya mwanzo bei inaruka.

Sasa spidi, hapa ndo watu wanapigwa sana. Kila niliyempigia ananisukumia Mbps 200 (megabiti kwa sekunde, ndo kipimo cha spidi), za nini? Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 inatosha kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na 15 kwa 4K, ile kali zaidi. Sisi tuna TV mbili na moja tu ndo ya 4K, kwahiyo zikiwaka zote ni 20, weka na simu za watoto, nikachukua kifurushi cha Mbps 40 na kinabaki. Alafu Mbps sio MB (megabaiti, zinazopima ukubwa wa faili), gawanya kwa nane kwanza, hiyo 40 ikienda vizuri kabisa inashusha faili MB 5 kwa sekunde, usije ukapiga simu kulalamika umeibiwa.

Aina ya laini nayo ni muhimu kuliko hiyo namba. Intaneti yangu ya zamani ilikuwa inapita kwenye waya ule ule wa kebo, na ule mnagawana na majirani, asubuhi inakimbia, jioni wote wakirudi kiduara kinazunguka tu kwenye skrini. Rauta ya 5G, ile inayotumia mtandao wa simu, niliifikiria pia, haihitaji hata fundi, ila soma maandishi madogo, "bila kikomo" yao ina GB zake, ukizifikisha wanakubana spidi mpaka mwezi uishe. Na TV inakula bwana, picha ya HD ni kama GB 3 kwa saa, ukiangalia masaa matatu kwa siku ushafika 270 kwa mwezi na bado simu hujazihesabu. Intaneti ya setilaiti zile za juu kilometa elfu 35 na zaidi sikutaka hata kusikia, kuongea kwa video mnakatishana maneno kwa jinsi inavyochelewa. Za chini kama Starlink, kilometa 550 hivi, hazina hiyo shida, ila kama faiba (waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga) imefika mtaani kwako sioni kwanini uhangaike na dishi.

Nikaenda na faiba. Kabla ya kulipia nilipita kwa jirani anayetumia hao hao, nikapima spidi saa mbili usiku, sio mchana, mchana kila mtandao ni mzuri. Fundi alikuja akataka kuacha rauta nyuma ya TV pale pale waya ulipoingilia, nikamuomba aivute mpaka koridoni, akanuna kidogo lakini akafanya. Chumba cha mwisho Wi-Fi ya 5 GHz, ile ya kasi, haifiki vizuri, kule simu zinatumia ya 2.4, inapenya ukuta zaidi japo ni taratibu. TV kubwa nimeichomekea waya moja kwa moja na haijawahi kukwama.

Kasoro? Mpira. Mechi ya laivu kupitia intaneti inachelewa nyuma ya kebo, jirani anashangilia goli sisi bado mpira uko katikati ya uwanja, na hilo hata ununue Mbps 1000 halitoki, ndo apu zenyewe zilivyo. Shemeji yangu kwa ajili hiyo tu amegoma kukata, na namuelewa. Umeme ukikatika nayo rauta inazima, kwahiyo nimeitafutia kibetri chake.

Mkataba wa miaka miwili nimeukataa pamoja na punguzo lake, nalipa mwezi kwa mwezi, iko juu kidogo ila wakianza kuzingua nahama. Nyota nne kati ya tano, hiyo moja imeenda na mpira.