Mwaka Mmoja na Lenzi ya Jicho ya Zumu: Uzoefu Wangu

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia lenzi ya jicho (ile ya kutazamia) ya zumu, ambayo urefu wake wa fokasi hubadilishwa kati ya milimita 8 na 24 kwa kuzungusha pete, kwenye darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200, ambayo husukumwa kwa mkono na haina mota. Ukigawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho unapata ukuzaji, kwa hiyo lenzi hii moja hunipa ukuzaji wa mara 50 hadi mara 150 pamoja na viwango vyote vilivyomo katikati. Viwango hivyo vya katikati ndivyo vilivyonifanya niipende.

Thamani yake niliielewa usiku mmoja nilipokuwa nikiitazama Zohali huku hewa ya juu ikichezacheza. Kwenye milimita 8 sayari ilionekana kubwa, lakini kingo za pete zilitetemeka kama kitu kilichozama ndani ya maji. Nilirudisha pete ya zumu polepole, na nilipokaribia milimita 11 picha ikatulia, na ule mstari mwembamba mweusi unaozigawa pete, yaani mwanya wa Cassini, ukajitokeza pande zote mbili. Hapo awali nilikuwa na lenzi mbili tu, ya milimita 25 na ya milimita 10, na usiku kama huo ningelazimika kuchagua kati ya picha ndogo mno na picha inayotetemeka. Isitoshe, kwa darubini isiyo na mota, kwenye ukuzaji wa mara 150 sayari huvuka uwanja wote wa lenzi yangu, yaani eneo linaloonekana ndani yake, kwa takriban dakika moja na nusu, hivyo mara nyingi nilipomaliza kubadilisha lenzi gizani nilikuta sayari imekwisha kutoka.

Furaha yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni Omega Centauri, kundi la nyota nyingi zilizosongamana. Kwenye milimita 24 ni wingu tu la mwanga hafifu, lakini kadiri ninavyozungusha, anga la nyuma linazidi kuwa jeusi na nyota zinaanza kuchomoza mojamoja, kwanza pembeni kisha kuelekea kiini. Ninarekebisha fokasi kidogo njiani, kwa sababu haibaki palepale.

Kasoro ambayo kila mnunuzi anapaswa kuifahamu mapema ni uwanja wa mwonekano. Katika zumu nyingi za aina hii, uwanja kama jicho linavyouona kwenye lenzi (si kipande halisi cha anga) hupanuka ukuzaji unapoongezeka na hubana pale unapopungua, yaani kinyume kabisa cha tunachohitaji tunapotafuta kitu angani. Yangu ina nyuzi 60 kwenye milimita 8 lakini 40 tu kwenye milimita 24, kwa hiyo kwa ukuzaji wa mara 50 ninaona kipande cha anga cha nyuzi 0.8 tu, yaani 40 gawanya kwa 50. Kundi la nyota la Kilimia halienei humo lote. Kwa sababu hiyo nililazimika kununua pia lenzi ya kawaida ya milimita 32, ambayo hunipa takriban nyuzi 1.3, na nyota kuu za Kilimia huingia zote. Ninapotafuta galaksi hafifu pia huiacha zumu kando, kwa kuwa ina vioo vingi zaidi vya kupitisha mwanga na lenzi moja nzuri isiyobadilika huonyesha nyota kali zaidi kidogo.

Hii ninayoisifu ni ya pili. Ya kwanza niliinunua kwa kuvutiwa na bei, na pete yake ililegea kiasi kwamba kila nilipoizungusha sayari iliruka kutoka katikati, huku ukingo wa Mwezi ukizungukwa na utepe wa zambarau. Niliumia sana, kwa sababu nilikaa miezi kadhaa nikiilaumu darubini isiyo na kosa. Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kujaribu kabla ya kulipa, weka nyota katikati, zungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha uangalie kama nyota inabaki mahali pake. Anayevaa miwani aukunje mpira ulio kwenye ukingo wa lenzi, pale jicho linapokaribia, na kuhakikisha kuwa anauona uwanja wote kwenye milimita 24 na pia kwenye milimita 8, maana umbali unaofaa kwa jicho hubadilika pete inapozungushwa.

Siku hizi ninatoka na lenzi mbili tu: ya milimita 32 ya kutafutia, na zumu ya kukaa nayo usiku uliobaki.