Movesense bwawani: msomaji mzuri wa mwili, mbovu wa kasi

Movesense ni kihisi cha mviringo kutoka Finland, chenye upana wa takriban milimita 37 na uzito wa gramu 10 hivi pamoja na betri yake ya CR2025. Ndani kina akselerometa (hupima mabadiliko ya kasi), jairoskopu (hupima mzunguko) na magnetometa (dira). Hakikuundwa kwa waogeleaji peke yao, kwa hiyo kinakupa vipimo ghafi. Kuvitafsiri ni kazi ya kocha.

Kabla ya kununua, angalia kumbukumbu. Toleo la HR2 lina kilobaiti 384 tu. Ukirekodi akselerometa na jairoskopu mara 52 kwa sekunde, hiyo ni mihimili sita (mielekeo mitatu kwa kila kimoja), kila kipimo baiti 4: baiti 1,248 kila sekunde. Dakika tano zikipita, imejaa! Usijitegemeze kwa Bluetooth pia, maana maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, kihisi kikizama kidogo tu, simu inakipoteza. Chukua toleo la Flash lenye megabaiti 128, urekodi mazoezi yote, upakue data nchi kavu.

Usikivalishe kwa mkanda wa kifuani, maana huteleza mwogeleaji anapojisukuma ukutani. Kibandike mgongoni, juu kidogo ya matako katikati, kwa plasta isiyopitisha maji, kisha nguo ya kuogelea ikibane. Kikichezacheza, utakuwa unapima plasta. Mwogeleaji asimame sekunde 10 bila kutikisika ili upate sifuri ya jairoskopu, yaani inachosoma mwili ukiwa umetulia, halafu gonga kihisi mara tatu mbele ya kamera. Vilele vile vitatu ndivyo vitakavyooanisha grafu na video, na bila video grafu nyingi ni mafumbo.

Katika mtindo huru kinaonyesha vizuri nyonga zinavyobiringika kulia na kushoto. Anayepumulia upande mmoja mara nyingi hujifichua hapa: upande huo unabiringika zaidi na kukaa muda mrefu zaidi. Usishangae pembe zikiwa ndogo kuliko ulivyotarajia. Nyonga huzunguka kidogo kuliko mabega. Mtindo wa chura ndio unaosomeka kwa raha zaidi. Kila mzunguko una msukumo wa mikono na wa teke, na kati yake bonde kwenye grafu ambapo mapaja yanayovutwa mbele yanafunga breki. Bonde likiwa refu, rekebisha jinsi magoti yanavyokunjwa kabla ya kuongeza nguvu ya teke.

Kasi usikiulize. Ukikosea mwinamo wa kihisi kwa digrii moja tu, sehemu ya mvutano wa dunia, kama 0.17 m/s², inaingia kwenye hesabu na kujumlishwa kila sekunde. Baada ya sekunde 10 kosa limefika 1.7 m/s, zaidi ya kasi ya waogeleaji wengi. Kupata kasi ya wastani, gawa urefu wa bwawa kwa muda kati ya misukumo miwili ya ukutani. Magnetometa izime: nondo za zege na ngazi za chuma huipotosha.

Ukibadilisha betri, futa ukingo wa mfuniko kabla ya kufunga. Chembe moja ya mchanga inatosha kupitisha maji.

Anayetaka kuhesabu mikono inavyopiga maji na raundi tu, saa ya mkononi inamtosha, ingawa yenyewe husoma mkono ulioivaa tu. Na klabu isiyo na mtu wa kukaa na faili za data jioni, isinunue.