Tathmini ya kliniki ya fiziotherapia Moshi mjini: huduma kwa walioumia uti wa mgongo

Kliniki ninayoizungumzia ni ya binafsi, iko Moshi mjini, na ndiko tunakompeleka baba mdogo tangu aliporuhusiwa kutoka hospitali. Nimeona niiandikie kwa sababu familia nyingi zenye mgonjwa aliyeumia shingo au mgongo huambiwa tu kwamba mtu wao amepooza, bila kuelezwa amepooza kwa namna gani, ilhali namna hiyo ndiyo inayoonyesha nini kitarudi na nini kifanyiwe kazi.

Baba mdogo, ambaye amevuka miaka 60, aliteleza kwenye ukingo wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, shambani Kibosho, akaanguka kifudifudi na kugonga paji la uso, shingo ikapinda kwa nyuma. Kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, kilipiga eksirei, kikasema mifupa ni mizima na kumrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Kilichotutatiza ni kwamba aliweza kusimama akishikiliwa, lakini kijiko kilimdondoka mkononi.

Mfiziotherapia aliyempokea hakuanza na mazoezi. Alimlaza, akachukua pini na kipande cha pamba, akapita mwili mzima kuanzia kisogoni, kushoto na kulia, akimtaka afumbe macho na kusema kama anaguswa na ncha kali au butu. Kisha akapima makundi 10 ya misuli kila upande na kulipa kila moja alama kati ya 0 na 5. Mwishoni aliomba ridhaa yake, akatutoa nje, akapima hisia na uwezo wa kubana njia ya haja kubwa. Kipimo hicho kinatia haya, lakini ndicho kinachoamua. Eneo hilo linahudumiwa na neva za mwisho kabisa za uti wa mgongo, hivyo pasipo na hisia wala mkazo wowote hapo, jeraha huhesabiwa kuwa kamili, yaani daraja A katika mizani ya ASIA, chama cha Marekani cha majeraha ya uti wa mgongo, inayoanzia A hadi E. Hisia ikibaki, hata iwe hafifu, jeraha si kamili na uwezekano wa kupata nafuu ni mkubwa zaidi. Alitueleza pia kwamba siku za mwanzo hukumu hiyo haitolewi kwa pupa, kwa kuwa uti ulioshtuka huweza kunyamaza kwa siku au wiki kadhaa, kiasi kwamba hata goti likigongwa kwa nyundo mguu hauruki.

Jeraha la baba mdogo ni la katikati ya uti, ambalo hudhoofisha mikono kuliko miguu. Huwapata zaidi wazee ambao pingili za shingo zimechakaa na kuubana uti, na linaweza kutokea bila mfupa wowote kuvunjika. Kwa kawaida miguu hutangulia kupata nguvu, kisha kibofu, kisha mikono, vidole vikiwa vya mwisho. Kwa hiyo saa nzima ya zoezi ilitumika kwenye vifungo vya shati na kifuniko cha chupa, jambo ambalo shangazi aliliona kama mchezo.

Maelezo yao ni ya subira, na ukutani wana mchoro mzuri. Hapo nilielewa kwa nini mtu aliyechomwa kisu na kukatwa nusu moja ya uti hupoteza nguvu upande uleule, lakini hupoteza hisia ya maumivu na joto upande wa pili: njia za maumivu huvuka mapema zikishaingia kwenye uti. Daktari Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, ndiye aliyeeleza hali hiyo katika karne ya 19. Sehemu ya mbele ikikosa damu, nguvu na maumivu hutoweka, lakini mgonjwa bado hujua mguu wake umewekwaje. Hao, tuliambiwa, huchelewa sana kupata nafuu, na wengi hawatembei tena.

Kasoro zipo. Mlango una ngazi na hauna njia ya kiti mwendo, jambo lisilo na udhuru kwa kliniki ya aina hii. Ripoti waliyotupa ni ya Kiingereza chenye vifupisho vitupu. Bima hawapokei. Kubwa zaidi, habari za kibofu hupitiwa harakaharaka: hawakututahadharisha kwamba kwa aliyeumia kuanzia katikati ya kifua kwenda juu, mpira wa mkojo ukiziba, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla kwa kichwa kuuma na jasho, naye anapaswa kukalishwa wima mara moja huku mpira ukikaguliwa. Hayo tuliyapata kwa muuguzi jirani yetu.

Kwa hatua ya mazoezi naipendekeza. Aliyeumia leo asiletwe hapa, wala anayeanza kufa ganzi sehemu anayokalia huku mkojo ukigoma kutoka. Huyo ni wa hospitali yenye daktari wa upasuaji, siku hiyohiyo.