Mama mshauri wa Ngamiani, Tanga
Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona Machi 17, 2020, binti yangu alikuwa kidato cha sita. Usiku halali, mchana hataki hata dirisha lifunguliwe. Waliporudi darasani Juni 1, hofu ikabaki: mtu akikohoa tu, mikono inamtetemeka.

Shoga yangu akanielekeza kwa mama mmoja mshauri nasaha, Ngamiani. Hakumwambia "jikaze", maana hilo tulishamwambia sana nyumbani, na ninajuta. Alimwacha alie, akamfundisha kupumua polepole na kuandika kinachomtisha. Kikao shilingi elfu kumi. Kufikia cha nne, mwanangu alikuwa analala mpaka adhana ya alfajiri.

Kasoro ni mlango: wametundika pazia, na wanaosubiri barazani wanasikia kila neno. Tafadhali, wekeni mlango.