Mikanda ya kufungia vitanda vya trela, nyota 4 kati ya 5

Jamani wenye trela zile nyuma gereji mbele chumba, hii mikanda nimeenda nayo safari tatu ndo naandika, sikutaka kusifia kitu ambacho hakijaona barabara. Trela letu tulilipata mkononi hapa Texas, mlango wa nyuma unashuka unakuwa rampu, mnapakia ATV (ile pikipiki ya matairi manne ya kuchezea mchangani), mkifika mnaishusha halafu mnakunjua vitanda viwili vya ukutani wanalala watoto. Vikikunjwa vinashikwa na kakomeo kadogo ka springi, basi. Ukipaki kanashika vizuri kabisa, ila barabarani trela linarukaruka na kila likiruka kale kakomeo kanatoka kidogo kidogo.

Mwaka jana tumetoka Dallas na barabara kuu ya I-35 kwenda Little Sahara, ile milima ya mchanga kule Oklahoma, kufika Waynoka nafungua mlango nakuta kitanda cha kushoto kimelala juu ya usukani wa ATV, fremu imepinda na kebo ya breki imebanwa. Nilinyong'onyea.

Nikaanza na kamba za mpira, hazifai, zinavutika kwa hiyo kitanda kinacheza njia nzima. Nikahamia mikanda ya racheti, ile ya kukaza kwa mpini, hiyo nayo ina nguvu kupita kiasi, nilikaza mpini mara moja zaidi nikaona bomba la fremu linaanza kuingia ndani. Hii ya sasa unavuta kwa mkono tu, meno ya kifungio yanaung'ata mkanda, kwa hiyo haiwezi kubana kuliko nguvu zako. Upana inchi 1, ni poliesta, na hilo ndo nililipenda sababu nailoni inavutika zaidi hasa ikilowa. Lebo inasema mzigo wa kawaida paundi 400, kukatika 1,200, kitanda changu na godoro lake hakifiki hata 80.

Sasa mkanda mzuri ukiufunga pabaya ni kazi bure. Usiushushe kwenye pete za sakafuni, zile ni za ATV, halafu ukivuta kitanda kutoka juu kwenda chini ndo unakisaidia kufunguka. Kitanda kinaanguka kuanzia ukingo wa juu kwa hiyo mkanda upite hapo juu ukivutie ukutani, kulia na kushoto. Na pete usizifunge kwenye ubao wa ukuta, ni plaiwudi nyembamba itang'oka, gonga gonga mpaka usikie sauti imebadilika, hapo ndo kuna nguzo ya fremu, toboa hapo.

Nyota moja nimewakata kwa ajili ya hizi ndoano, ziko wazi, hazina kile kilimi cha kuzifunga, mkanda ukilegea kidogo tu ndoano inachomoka kwenye pete. Kila ndoano naizungushia kamba ya plastiki ya kufungia nyaya nikifika naikata, inachosha kwa kweli. Mikanda mipya pia inalegea mwanzoni, mi nasimama baada ya maili 50 kukagua nati za tairi, hapo hapo naingia nyuma naivuta tena.

Safari ya juzi njia ile ile mpaka Waynoka, nimefungua mlango vitanda vyote viwili viko ukutani kama nilivyoviacha. Dola 22 mikanda minne, wakiweka ndoano za kufunga nanunua mingine hata kwa 30.