Riviu ya Calibri: fonti niliyoitumia miaka na miaka bila kuichagua hata siku moja

Watu wanariviu simu, wanariviu viatu, wanariviu mpaka mito ya kulalia, mi leo naomba niriviu fonti. Ndio, fonti, ule mtindo wa herufi ambao jina lake linakaa kwenye kale kaboksi pale juu ukifungua Word na ambako wengi wetu hatujawahi hata kukagusa. Calibri. Nimeiandikia barua za kuomba kazi, ripoti, mialiko, rambirambi, bajeti za kamati, mpaka barua ya kuacha kazi, na katika zote hizo hakuna hata mara moja nilikaa nikasema ngoja hapa niweke Calibri. Ilikuwepo tu. Hiyo ndo pointi yangu kubwa kwahiyo naitoa mapema kabisa, hii fonti haikushinda kwa uzuri, ilishinda kwa kuwahi siti.

Haya, kwanza tujue tunamriviu nani. Aliyeichora ni Lucas de Groot, Mholanzi anayefanyia kazi zake Berlin, na sisi wengine tukaipata 2007 ilipokuja na Windows Vista na Office 2007. Haikuja peke yake, ilikuja na ndugu zake watano, Cambria, Candara, Consolas, Constantia na Corbel, na ukiona wote wanaanza na C ujue si bahati mbaya, walichorwa kwa ajili ya ClearType, teknolojia ya Microsoft ya kulainisha herufi kwenye skrini bapa. Ilivyo ni kwamba kila nukta ya skrini ya LCD ndani yake ina vipande vitatu, chekundu, kijani na bluu, sasa ClearType badala ya kuwasha nukta nzima nzima inacheza na kipande kimoja kimoja, kwahiyo mstari wa herufi unapata sehemu nyingi zaidi za kusimama kwenda kwa upana na zile ngazi ngazi zinapungua. Waliotumia kompyuta za miaka ya tisini wanazikumbuka zile ngazi ngazi, herufi o ilikuwa kama imepangwa kwa matofali.

Kabla ya hapo Word ilikuwa inafunguka na Times New Roman saizi 12, Excel nayo na Arial. Na hapa mnisamehe nitoke nje ya barabara kidogo maana hii stori naipenda. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti, The Times la London, msimamizi alikuwa Stanley Morison na mkono uliochora ni wa Victor Lardent, ikaanza kuonekana gazetini tarehe 3 Oktoba 1932. Ni fonti ya safu nyembamba za gazeti, imebanwa ili maneno mengi yaingie na bado yasomeke. Gazeti lenyewe likaja kuiacha 1972 likahamia fonti nyingine. Alafu miaka ishirini baadae, 1992, Windows 3.1 inatoka imeibeba, na dunia nzima ikaanza kuandika barua za ofisi, tasnifu na hati za mahakama kwa herufi ambazo mwenye nazo alishazivua kitambo. Na ukimuuliza mtu kwanini Times anakwambia ndo fonti rasmi. Rasmi nani kaipitisha? Hakuna, ilikuwepo tu, mchezo ni uleule.

Kwahiyo 2007 Calibri ilipokalia kile kiti kulikuwa na kelele kidogo, maana haina vikucha. Vikucha naita vile vijimkia kwenye ncha za herufi, wataalamu wanaviita serifu. Herufi zenye vikucha ndo zimelea vitabu, toka wachapaji wa Venice akina Nicolas Jenson mwaka 1470 (Gutenberg kabla yao alitumia zile herufi nyeusi nzito za kuiga mwandiko wa mkono wa enzi zake). Fonti ya kwanza isiyo na vikucha ya kuchapia herufi hizi zetu za Kilatini ilitolewa na William Caslon IV wa London mwaka 1816, herufi kubwa tupu, na watu hawakuzipenda sana, aina hiyo ikaja kupewa jina la groteski, yaani za ajabu ajabu. Kilichokuwa kioja 1816 leo ndo kimeandika mkataba wako wa kazi.

Sasa matumizi yenyewe. Kwenye skrini saizi 11 sina malalamiko, na kwa sisi tunaoandika Kiswahili nitasema kitu ambacho sijaona mtu akikisema, Calibri inatufaa kwa sababu ni nyembamba. Lugha yetu inabandika kila kitu kwenye kitenzi, nafsi, wakati, mtendwa, kauli, unapata neno kama hatukuwashirikisha au yatakayowasilishwa ambalo kwenye fonti pana kama Verdana linakula nusu ya safu ya jedwali. Calibri inalimeza. Kwenye Excel hapo ndo kwake kabisa, tarakimu zote zina upana mmoja kwahiyo mamia yanakaa chini ya mamia bila kuyumba, na kwa sababu hazijipanui zile alama za reli (####) zinazotokea namba ikikosa nafasi unaziona mara chache. Alafu ina vitu vimefichwa ambavyo mi nilikaa nayo miaka sijui, ukiingia kwenye mipangilio ya juu ya fonti kuna tarakimu za mtindo wa kizamani zinazopanda na kushuka kama herufi ndogo, nzuri sana kwenye aya yenye miaka mingi mingi. Kwenye jedwali usijaribu.

Ikikua inaharibika. Ncha za herufi zimeviringwa kidogo, kwenye saizi 11 huzioni, unahisi tu kwamba maandishi yana upole fulani, lakini ukiipandisha saizi 150 kwenye bango herufi zinakuwa kama sabuni iliyokwisha tumika wiki mbili. Bango la Calibri nalitambua kutoka ng'ambo ya barabara na kila nikiliona najua tu kuna mtu alifungua Word akaandika akabonyeza printi.

Kasoro ya kwanza kubwa ni i kubwa na l ndogo. Ni vijiti viwili. L ndogo imezidi urefu kwa unywele, basi. Sasa fikiria sisi tulivyo, sentensi ngapi zinaanza na Ili, Ila, Ilikuwa, Ilibidi? Kwenye Calibri kila moja inaanza na fito mbili zimesimama kama magoli. Kwenye sentensi sawa, ubongo unajaza, ila mtu akikutumia neno la siri lenye hizo herufi utabahatisha mpaka akaunti ijifunge. Na si kwamba ilikuwa haiwezekani kufanya vizuri, Verdana ya Matthew Carter ilishatoka 1996 na i yake kubwa ina kofia juu na kiatu chini, huwezi kuikosea hata ukiwa na usingizi.

Kasoro ya pili imenitia aibu. Calibri ina herufi zilizoungwa, t ikifuatwa na i zinashikana mikono zinakuwa umbo moja, kwa macho inapendeza kweli. Shida inakuja kwenye PDF. Nilitengeneza kumbukumbu za kikao, programu niliyotumia kugeuza faili ikaziunga hizo herufi bila kuhifadhi kwamba hapo ndani kuna t na i, mwenzangu akakopi akapesti kwenye barua pepe ya wajumbe wote. Kilichotoka ni mwenyekiƟ na kaƟbu. Kila mahali. Wakatihuo Kiswahili kimejaa ti, wakaƟ, masharƟ, baƟli, ukurasa mzima ukawa kama umeandikwa na mtu wa sayari nyingine. Mweka hazina peke yake ndo alipona. Na ubaya wake ukitafuta neno katibu ndani ya ile PDF inakwambia halipo wakati unaliona kwa macho yako. Tangu siku hiyo kabla sijatuma PDF nakopi sentensi moja naipesti pembeni nione, na kwenye mipangilio nazima kabisa kuunga herufi.

La tatu si kosa la mchoro, ni la leseni. Calibri ni mali ya wenyewe, inakuja na bidhaa za Microsoft, ukifungua faili lako kwenye mashine isiyokuwa nayo kompyuta inavalisha fonti nyingine na barua yako ya ukurasa mmoja inamwagika, saini peke yake inaangukia ukurasa wa pili. Dawa ipo na ni ya bure, inaitwa Carlito, imetokana na fonti nyingine, Lato ya Mpolandi Łukasz Dziedzic, na kila herufi imepimwa upana sawasawa na ya Calibri ili mistari ikatike palepale. Ujanja huu si mpya, Arial yenyewe iliyochorwa 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders upana wa herufi zake unalingana na wa Helvetica, ile ya Uswisi ya 1957, ndo maana watu wengi wanadhani ni kitu kimoja.

Sasa kama bado unaona fonti ni mambo ya warembo wa grafiki, kaa hapa. 2017 nchini Pakistan, kesi ya Panama Papers (zile nyaraka zilizovuja kuhusu kampuni za siri za nje ya nchi) iliyomhusu waziri mkuu Nawaz Sharif na familia yake, upande wa familia ukaleta hati zina tarehe ya Februari 2006. Wachunguzi wakaangalia, zimeandikwa Calibri. Fonti ambayo kwenye bidhaa za madukani ilifika Januari 2007. Utetezi ukawa kwamba kulikuwa na matoleo ya majaribio kabla, na ni kweli yalikuwepo, ila fikiria ofisi ya kawaida inaandika hati ya kisheria kwa toleo la majaribio la fonti. Julai mwaka huo Mahakama ya Juu ikamvua Sharif uwaziri mkuu, hukumu yenyewe ilisimama kwenye jambo lingine la kipato asichotangaza, lakini jina lililobaki mdomoni mwa watu ni Fontgate, yaani kashfa ya fonti. Na hii ndo hatari ya difolti, yaani kile kinachokuja chenyewe, hukuichagua kwahiyo hata hukumbuki kuificha.

Alafu kuna vituko vya Marekani. Wizara yao ya Mambo ya Nje ilitumia Times New Roman toka 2004, Januari 2023 waziri Antony Blinken akaagiza wahamie Calibri, sababu ikiwa kurahisisha usomaji kwa wenye ulemavu. Desemba 2025 waziri mwingine, Marco Rubio, akairudisha Times, anataka heshima ya kiofisi. Mabalozi wa taifa zima wanabadilishiwa herufi kulingana na nani kashinda uchaguzi, na zote mbili ni fonti zilizoletwa na programu ya kompyuta. Mi binafsi kwenye hoja ya usomaji namuelewa Blinken nusu, maana nikikumbuka vile vijiti viwili vya I na l nashindwa kusema Calibri ndo ingekuwa chaguo la kwanza la mtu anayehangaika kusoma.

Kitu kimoja nakipa heshima, hakuna anayeichukia. Comic Sans ya Vincent Connare, ya 1994, imetukanwa mpaka basi, watafiti wa CERN, kile kituo kikubwa cha fizikia Ulaya, walipotangaza ile chembe ya Higgs tarehe 4 Julai 2012 slaidi zikiwa na Comic Sans watu mtandaoni waliacha fizikia wakashika fonti. Calibri ingekuwa kwenye zile slaidi hakuna ambaye angesema kitu. Miaka kumi na sita imekaa kwenye kila ofisi na haina adui wala mpenzi, aisee hiyo nayo ni kazi.

Maana 2023 imestaafishwa. Microsoft walitoa fonti tano 2021 watu wazijaribu, ikapita moja iliyokuwa inaitwa Bierstadt ya Steve Matteson, wakaibatiza Aptos, ndo saivi unayoikuta ukifungua faili jipya. Nimeitumia miezi kadhaa, imenyooka zaidi, imekauka zaidi, na ni pana kidogo kwahiyo yale majedwali yangu ya Kiswahili yamenigomea, vichwa vya safu vimeanza kukatika mistari miwili. Siku ya kwanza nilidhani macho yangu yana shida. Kumbe ni siti imebadilishiwa mtu.

Nyota basi. Kwenye majedwali naipa 5 kati ya 5. Barua na ripoti za skrini 4. Vitabu na maandishi marefu ya kuchapwa 2, kuna nyingi zenye vikucha zinazosomeka vizuri zaidi karatasini, jaribu Georgia ambayo pengine unayo tayari. Mabango 1, na hiyo moja ni ya huruma. Kwa mara ya kwanza wiki iliyopita nimeingia kwenye kile kaboksi kwa mkono wangu, nikashuka chini kwenye orodha, nikabonyeza Calibri, nikaweka iwe ya Excel yangu daima. Za Word nimeacha kama zilivyo, nilikuwa na haraka.