Kura ya WhatsApp: safi kwa kupanga saa, dhaifu kwa kupima mawazo

Kipengele cha kura kilipoingia WhatsApp mwishoni mwa 2022, makatibu wa kamati walishusha pumzi. Kazi ya kuhesabu "naunga mkono" zilizotapakaa kati ya picha na salamu za asubuhi iliisha. Unagusa alama ya kuambatisha, unachagua kura, unaandika swali na majibu yasiyozidi 12, unaamua kama mtu achague moja au zaidi, unatuma. Nusu dakika, kazi imekwisha. Ukitaka kujua nani anakuja Jumamosi na nani haji, hakuna chombo chepesi kuliko hiki: alama 9 kati ya 10.

Shida huanza kikipewa kazi ya kupima mawazo: tumchague nani, tuendelee na mradi au tuuvunje, kosa hili ni la nani. Hapo tunakipa 3.

Fungua kura kabla hujapiga. Tayari unaona jibu linaloongoza, na ukigusa sehemu ya kutazama kura unasoma majina, moja baada ya jingine. Aliyeitunga, mara nyingi mwenyekiti mwenyewe, hupata taarifa watu wanapopiga. Mjumbe wa ishirini akifika anakuta swali limeshageuka: je, uko tayari kuonekana umewapinga hawa kumi na tisa? Jibu lake kwa swali hilo ndilo linaloandikwa chini ya lile swali la mwanzo.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili Marekani miaka ya 1950, tena kwa kitu kisicho na utata wowote: mstari mmoja, na mingine mitatu ya kulinganisha nao, mtu ataje upi una urefu sawa na huo wa kwanza. Mtu akiwa peke yake alikosea chini ya mara moja katika mia. Akiketishwa na watu walioagizwa kutaja jibu baya kwa sauti, karibu theluthi moja ya majibu yake iliwafuata. Kinachomhusu mtunga kura ni idadi ya waliotangulia. Mtu mmoja aliyetaja jibu baya hakumtikisa mshiriki. Wawili walipandisha makosa hadi 13.6%, watatu hadi 31.8%, na kuongeza wengine baada ya hapo hakukuleta tofauti kubwa. Washiriki wake walikuwa wanafunzi wa kiume wa vyuo, na uchambuzi wa mwaka 1996 uliokusanya majaribio 133 ya aina hiyo kutoka nchi 17 ulionyesha kiwango kinapanda na kushuka kwa nchi na kwa wakati. Usizibebe asilimia hizo kama sheria ya maumbile. Mwelekeo wake unatosha: angalia sana majina matatu ya kwanza, kwa sababu yaliyobaki huja na maji yanakoelekea.

Mbona watu wazima wenye akili zao hukubali? Kuna sababu mbili, na kuzitenganisha ndiko kunakokuonyesha chombo gani kinatibu nini. Wanasaikolojia Morton Deutsch na Harold Gerard walizitofautisha mwaka 1955. Ya kwanza ni kuogopa kujitenga: najua ninyi mmekosea, ila sitaki kuonekana mkorofi. Ya pili ni kuwaamini wengine: kama wote wamechagua A, huenda wanajua nisilolijua. Ya kwanza ni aibu, na dawa yake ni kuficha majina. Ya pili ni heshima kwa akili ya wenzako, si ujinga hata kidogo, na dawa yake ni kuficha matokeo mpaka kila mtu awe ameshajibu. Ukificha majina ukaacha matokeo wazi, umetibu nusu ya ugonjwa.

Hiyo sababu ya pili ndiyo hudharauliwa. Wachumi walionyesha mwaka 1992 kwamba mtu mwenye busara kamili anaweza kutupa anachokijua. Wawili wa kwanza wakichagua A, wa tatu, hata kama dalili alizonazo zinamwelekeza B, anaona mbili dhidi ya moja naye anafuata. Wa nne anaona tatu. Kufikia wa arobaini una kura 40 zenye taarifa ya watu wawili. Wengi wape, sawa, lakini hapo hakuna wengi. Nguvu ya hatua ya kwanza ilionekana pia katika jaribio lililochapishwa 2013, lililofanywa kwenye tovuti moja ya habari kwa maoni zaidi ya 100,000: maoni yaliyopewa kura moja tu ya bandia ya kuyapandisha yalimaliza na alama 25% juu zaidi kwa wastani. Ya kuyashusha ilisahihishwa na wasomaji. Umati hukosoa chuki upesi kuliko unavyokosoa sifa.

Sasa tuweke vyombo mezani. WhatsApp, kwa muundo wake wa kawaida kwenye grupu, haifichi majina wala matokeo. Kura za Telegram zilikuja Desemba 2018 zikiwa za siri, na zile zenye majina zikaongezwa Januari 2020 kwa anayezitaka. Tena asilimia huzioni mpaka upige. Ni nzuri zaidi kwa mbali. Kasoro yake ni kwamba ukishapiga unayaona matokeo, na unaweza kuondoa kura yako na kupiga upya. Mwenye wasiwasi hupiga, hutazama, kisha huhama. Kura yake ya mtindo wa chemsha bongo (quiz) hairuhusu kuhama, ila imetengenezwa kwa maswali yenye jibu moja sahihi, kwa hiyo haikufai.

Fomu za Google ndizo tunazopendekeza kwa uamuzi mzito, ukizipanga vizuri. Zima kukusanya barua pepe. Hakikisha muhtasari wa matokeo hauonyeshwi kwa wajibuji. Washa kikomo cha jibu moja kwa mtu: itamlazimu aingie na akaunti yake, lakini mwenye fomu haoni jina. Waeleze watu hilo mapema, maana wengi wakiona wanaombwa kuingia hudhani wanafuatiliwa, na anayedhani anafuatiliwa hujibu kama aliyefuatiliwa. Kwenye nukta tatu za swali washa kuchanganya mpangilio wa majibu, ili la kwanza lisipendelewe kwa kuwa la kwanza tu. Kuna tundu moja: kila jibu huingia na saa yake. Katika kikundi cha watu wanane, katibu aliyemwona mtu fulani akishika simu saa 4:10 anaweza kukisia. Kikundi kikiwa kidogo hivyo, na mko chumba kimoja, karatasi bado inashinda: vipande vya ukubwa mmoja, kalamu za rangi moja, vikunjwe mara mbili, vichanganywe, ndipo vifunguliwe.

Ukilazimika kubaki WhatsApp kwa kuwa nusu ya wajumbe hawatafungua kiungo chochote, usitumie kura. Teua mtu asiye na maslahi, kila mmoja amtumie jibu lake faraghani kabla ya saa iliyotajwa, naye atoe jumla peke yake, bila majina na bila "mpaka sasa A inaongoza". Huyo mmoja atajua kura zote, kwa hiyo mchague kwa makini kuliko mnavyomchagua mwenyekiti.

Makosa ya kibinadamu huharibu hata fomu bora. La kawaida kuliko yote ni mkubwa kutuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kueleza "maoni yangu tu" kabla ya kura kufunguliwa. Baada ya hapo hakuna pazia litakalosaidia. Lingine ni kukosa jibu la "sijaamua", hivyo wanaositasita husukumwa kwa wengi. Kisha kuna ukimya. WhatsApp huonyesha waliopiga, si wasiopiga: katika grupu la watu 60, kura 12 kwa 2 hutangazwa kuwa "karibu wote tumekubali", wakati 46 hawajasema neno. Andika idadi ya wasiojibu kwenye tangazo lenyewe. Na swali likiwa la namba, kama siku ngapi kazi itachukua, usiwape makundi ya kuchagua. Kila mtu aandike namba yake, uzipange kuanzia ndogo, uchukue ya katikati. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichambua mwaka 1907 makadirio 787 ya shindano la kukisia uzito wa ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Ya katikati ilikuwa ratili 1,207, uzito halisi 1,198. Kila aliyekadiria alikuwa ameandika kwenye tiketi yake.

Kwa mpangilio, toa saa 24 za fomu iliyofungwa, yenye swali moja la kuchagua na nafasi ya sentensi mbili za sababu. Ukifunga, toa hesabu pamoja na sababu, na za upande mdogo ziwemo hata kama ni moja. Asch alipomweka mtu mmoja tu aliyesema ukweli kabla ya mshiriki, kufuata kulishuka hadi robo ya kiwango cha awali, kwa hiyo sentensi hiyo moja ina kazi kubwa. Pigeni duru ya pili, vilevile kwa siri. Wakibadilika baada ya kusoma sababu, wamebadilishwa na hoja. Kisha rudini WhatsApp mpigie kura kama kikao cha utekelezaji ni saa nne au saa kumi. Hapo majina yaonekane, na kila mtu amfuate mwenzake.